Feni ya Mwenye Nyumba

Kompyuta iliniambia haiwezi kufungua sauti ya mama, nami nikaamini rekodi imeharibika. Ilikuwa dua yake, niliirekodi kwenye simu ya vitufe kabla hajafariki, na sasa ilibaki kwenye kompyuta tu. Hitma ya kumrehemu ilikuwa Ijumaa, kwangu Mapinga, na mdogo wangu alishapiga simu kutoka Mlingotini.

"Dada, wanangu hawajawahi kumsikia bibi yao. Usiniambie imepotea."

Niliswali Magharibi mawazo yakinikimbia, hata rakaa nikazitilia shaka, kisha nikabeba kompyuta yangu ya mkononi, nikaenda darasani. Nasoma kompyuta jioni, na watu wazima wenzangu. Siku hiyo mwalimu alifundisha programu ya kusikilizia muziki, ile inayokuja na kompyuta yenyewe.

"Hakuna nyingine?" nikauliza.

"Zipo. Lakini hii mmeikuta humo humo, mhangaike ya nini?"

Jirani yangu, mama muuza vitumbua, akadakia, "Ni kama kupanga chumba ukakuta na feni. Nani atanunua nyingine?"

"Sasa wauza feni watakula nini?" akauliza mzee mmoja wa nyuma.

"Vitumbua vyangu, baba. Walete hela tu!"

Darasa zima likacheka. Mimi sikuweza.

"Ya kwangu haizunguki," nikasema, nikaionyesha ile rekodi ya mama.

Mwalimu akaja kuitazama. "Mama, hii sauti ni nzima. Ni rekodi ya simu za zamani, programu hii haiielewi tu." Akanipakulia nyingine, ya bure. Nikamsikia mama akikohoa.

Nilitakiwa nitulie, sikutulia. Njia nzima nilijiuliza: kumbe ilikuwa nzima siku zote, na mimi nilishamlilia mara ya pili, kwa sababu tu niligonga mlango mmoja, ule niliokutana nao kwanza?

Ijumaa wanawake walijaa mkekani, mdogo wangu na wanawe mbele kabisa. Nikasema bismillahi, nikabonyeza. Ikajitokeza programu ile ile ya mwanzo, na maneno yake yale yale: haiwezi kufungua. Kompyuta ilikuwa imejisasisha yenyewe usiku, ikairudisha programu yake kitini.

"Dada?" mdogo wangu akaita.

"Subiri. Ipo."

Nikaifunga, nikaitafuta ile nyingine, nikabonyeza tena. Kikohozi. Halafu mama, vile vile alivyokuwa akiitilia shaka simu yangu:

"Imewaka hii?"

Kitinda mimba wa mdogo wangu akaisogelea kompyuta. "Imewaka, bibi," akamjibu.