Jasho la Ackson wa Makandana

Ujanani Ackson alishinda kwenye migomba ya baba yake kule Ikuti, mwembamba kama ufito. Serikali ilipolegeza biashara akafungua duka la jumla Makandana, akapata kiti cha kuzunguka na kitambi. Watu walikiheshimu kitambi kile, naye akakitunza. Daktari peke yake ndiye ambaye hakukipenda. Alimpima presha, akamwambia atoke jasho kila siku au aanze kuwaaga wanawe.

Mkewe, Sekela, akamkumbusha kuwa jembe lipo nyuma ya mlango na shamba lipo nyuma ya nyumba. Ackson akaona anatukanwa. Shamba lilikuwa na mtu wake, Elisha, aliyelilima kwa kibarua. Tajiri akionekana ameinama na jembe, si mji mzima utasema amefilisika? Afadhali presha. Akanunua traksuti nyekundu ya mtumba na raba, na alfajiri akatoka mbio kama wale aliowaona kwenye televisheni ya baa.

Sasa, huku kwetu Rungwe mtu mzima hakimbii bure. Akikimbia asubuhi, amefiwa. Akina mama waliokuwa wakipeleka ndizi sokoni walimwona akipita anahema, hata salamu hakutoa, wakaelewa. Wakageuza njia, ndizi za sokoni zikawa za msiba, na kilio wakakianza kabla hawajafika kwake.

Akiwa njiani kurudi, Ackson akasikia kilio kinatoka nyumbani. Hapo ndipo alipokimbia kweli. Aliingia uani analia, anamwita Sekela, na Sekela huyo hapo mzima, anawachemshia chai waombolezaji ambao hakujua wanamlilia nani.

Bibi mmoja akamshika Ackson mkono. "Pole, tata, baba yetu. Nani katutoka?"

Aibu ile ilimtosha. Mbio akaziacha, lakini presha haikumwacha, hadi alipopata ujanja: akavaa traksuti yake nyekundu, akafunga raba, akashika jembe. Kila aliyepita alielezwa kuwa hayo ni mazoezi, agizo la daktari. Wakamsifu kwa usasa wake. Presha ikashuka.

Asubuhi moja Elisha alikuja na jembe begani, akasimama anamtazama bosi wake anavyopalilia.

"Kumbe mimi ni mwanamichezo tangu utotoni, bosi," akasema. "Ila traksuti ndiyo sikupewa."

Ackson akacheka mpaka akashika mbavu. Elisha hakucheka. Shamba lilikuwa safi. Kilichoota nyasi ni kibarua chake.