Miguu ya Baba Mkwe

Kwetu Talatala mwanamke hamtazami baba mkwe wake usoni. Akipita, unainamisha macho. Kwa hiyo mimi wa kwangu nilimjua kwa miguu tu. Niliiona ikivimba tangu tulipopanda mpunga, nikanyamaza, nisije nikaulizwa nilikuwa nachungulia nini.

Alipoishiwa pumzi tulimpeleka hospitali ya mbali, moyo wake ukapigwa picha kwa mashine ya sumaku. Daktari akatuonyesha kuta za moyo kwenye picha: zimekuwa nene na ngumu kwa protini iliyojazana humo.

“Miguu ilianza kuvimba lini?” akauliza.

“Wiki iliyopita,” mume wangu akajibu.

Nilijua si kweli. Nikainamisha macho sakafuni, kama mkwe mwenye adabu zake.