Mamba Mwenye Magego

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, na msimu mmoja aliwabebea maji na mahema watu waliokuwa wakichimbua mifupa ya kale bonde la Rukwa. Alirudi hapa Kwihara na habari moja tu: mamba wa enzi za dinosaria, mdogo kama paka, miguu mirefu, anakimbia nchi kavu. Na meno, jamani! Hawa mamba wetu wanararua na kumeza, lakini yule alikuwa na magego, anatafuna kama wewe na mimi. Basi ikawa balaa. Harusini, kwenye kipaimara, hata tukisubiri treni Igalula, ukimuuliza tu habari za safari, kwisha kazi, unapewa mamba.

Mwaka huu amefariki. Sikulia, na mawifi zangu wakaanza kunong'ona. Nilikuwa nimekauka tu. Nilitaka kitu kimoja: niisikie tena ile sauti yake ya kukwaruza ikiniita mama watoto. Hatukuwahi kumrekodi. Nani anakumbuka kumrekodi mtu anayeongea kutwa nzima?

Siku ya kuondoa matanga akaja mtani. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu enzi za misafara ya pwani, na huyu Mzaramo, muuza mitumba wa Tabora mjini, alikuwa ametukanana na mume wangu miaka mingi kwa mapenzi makubwa. Bila kuomba ruhusa alichukua koti la marehemu, akalivaa, akatokea uani akikohoa.

"Nipeni ubwabwa! Nani kawaambia nimekufa?"

Watu wakaangua kicheko, katekista naye hakujizuia. Kisha akanigeukia.

"Mama watoto, hujambo?"

Mungu wangu! Sauti ile ile.

"Wasimulie habari za mamba," nikamwambia.

Akaanza. Akakimbia kwa miguu minne na koti linaburuzika vumbini, akasimama, akatafuna hewa. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na yalipoanza hayakukoma. Nilitamani asimalize kamwe. Lakini alipofika pale mamba anapofukiwa na tope la mto, akasita, akalivua koti.

"Shemeji, nisamehe. Mumeo akifika hapa huwa mimi nimeshamkimbia."

"Basi malizia wewe," wakaniambia mawifi.

Nikasimama. Nikaeleza tope lilivyogeuka mwamba, na mifupa ilivyolala humo mpaka mvua zikaifichua. Halafu nikasema mgongo mzima wa yule mamba ulikuwa na magamba mazito, nami najua fika magamba hayo yalikuwa mkiani tu. Nilikosea makusudi. Kosa kama hilo mume wangu asingeweza kulivumilia, angenikatiza hata akiwa na tonge mdomoni.

Nikanyamaza, nikamsubiri.

Watu wakanipigia makofi.