Mstari Niliouruka

Sufi mpya ina harufu ya vumbi kavu na mafuta ya mbegu, na nyumba yetu ya Nguvumali ilinukia hivyo mwaka mzima. Baba na kaka yake, Baba Mkubwa Yakobo, walishona magodoro ya sufi ukumbini kwetu, na Jumapili wote wawili walikuwa wazee wa kanisa katika usharika mdogo wa Kipresbiteri ambao haukujaza hata mabenchi kumi. Sisi ni watu wa vikao. Jambo lisiloandikwa kwenye kumbukumbu za wazee ni kama halikutokea, na karani wa kikao alikuwa baba. Karatasi za familia zetu mbili zilikaa pamoja kwenye sanduku la bati: za kanisa, pamoja na vyeti vya ubatizo, zimefungwa kwa uzi mweupe, oda za magodoro kwa uzi mwekundu. Kila masika yakiisha tulizianika uani, kila karatasi na kijiwe chake, maana unyevu wa Tanga huotesha ukungu hata Biblia.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na minne. Mama alikuwa ametutoka zamani, na baba tulikuwa tumemzika kabla ya mvua. Tulibaki wanne, mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa nimesimama shule, kwa muda tu walivyosema, nimsaidie Baba Mkubwa kushona. Ndugu walikuwa wamepanga kutugawa, na hawakuwa na roho mbaya. Baba Mkubwa mwenyewe alikuwa na watoto wanane. Shangazi wa Pangani angewachukua Elia na Neema, mjomba wa Horohoro angemchukua Rehema. Neema alikuwa na miaka minne, na tangu aliposikia habari hizo alitembea ameshika gauni langu, hata nikienda chooni alinisubiri mlangoni.

Mimi nilijua baba alitaka vingine. Akiwa mgonjwa aliwaita wazee kitandani pake, akaomba tusitenganishwe. Nilipomkumbusha Baba Mkubwa, alivua miwani.

"Kusema alisema, mwanangu. Lakini tulichoamua kikaoni kiko wapi? Kitabuni hamna."

Asubuhi ya kuanika, Shangazi alikuwa amefika kuwachukua watoto. Alikaa kwenye mkeka akitucheka.

"Makaratasi ya watu wa sufi haya! Mtu akipiga chafya, ukoo mzima unapeperuka."

"We cheka," alisema Baba Mkubwa. "Siku ukiulizwa ulibatizwa wapi, utakuja kunipigia hodi."

Nilikuwa nikifungua fungu jekundu. Nikachukua oda moja: godoro futi nne kwa sita, mito miwili. Nilipoigeuza nikaona mwandiko wa baba, umelala kama mtu aliyeandika akiwa chali. Ndipo nikakumbuka. Siku ile alipowaita wazee aliomba karatasi, nami nikampa iliyokuwa karibu, kutoka lundo la oda. Hakuwahi kuinakili kitabuni, na aliyeifunga alitazama upande mmoja tu.

Nilisoma kwa sauti: imeamuliwa kwamba watoto wabaki pamoja katika nyumba yao, chini ya uangalizi wa baba yao mkubwa. Chini kulikuwa na sahihi tatu, mojawapo ya Baba Mkubwa. Shangazi aliacha kucheka, akamvuta Neema mapajani, akasema taratibu, "Basi nitakuwa nakuja mimi."

Baba Mkubwa aliichukua karatasi, akaisoma kimya hadi mwisho.

"Umeruka mstari," aliniambia.

"Nimeuona, Baba Mkubwa."

Mstari ule ulisema: mtoto mkubwa asitolewe shule.

"Na huu nao ni uamuzi wa kikao."

"Nikirudi shule, nani atashona na wewe? Nani atawapikia hawa?"

"Tutaukalia kikao kingine," alisema, akaiweka karatasi juani. Kikao hicho hakikukaa.

Leo tumetawanyika kuliko hata ndugu walivyopanga, lakini kila mmoja aliondoka akiwa mtu mzima, nami nilimsindikiza stendi na kumbebea begi. Siku hizi vyeti vinakaa kwenye simu. Neema, ambaye sasa ni mwalimu, amekuja likizo kuzipiga picha karatasi zote za zamani, mbele na nyuma, na kwa jinsi ninavyomjua hataruka hata moja. Ataufikia mstari ule, na atalia. Ndiyo maana nimeandika haya mapema. Zipo siku nilizoona uchungu, hasa pale hesabu zake za sekondari ziliponishinda nikajisingizia nina mboga jikoni. Lakini nilijua kusoma vizuri sana asubuhi ile, Neema. Nilijua nilichokuwa nakiacha, na nilijua nani alikuwa ameshika gauni langu.