Maneno Niliyomtia Mdomoni Mwanamke wa Filamu

Nakumbuka alasiri moja ya mvua pale Busia, upande wa Uganda, ukumbi wa video umejaa hadi mlangoni na mimi nimeshika maikrofoni utadhani mji ni wangu. Mwanangu, jana nilikuona na wenzako mmeinamia simu, mkitazama mchezo wa wapiganaji waliojificha porini baada ya nchi yao kutekwa. Msaliti alipopigwa risasi, mkapiga makofi. Sikuwagombeza. Mimi niliwahi kuwapigisha watu makofi hayo hayo, tena ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Nilikuwa mtafsiri wa filamu. Nyinyi mnasoma maandishi chini ya kioo. Sisi tulikuwa na mtu anayekaa kando ya televisheni, anasikia Kiingereza na kuwapa watu Kiswahili papo hapo, kwa kuwa ukumbini walijaa Wasamia, Wateso, sisi Wapadhola, na Wakenya wanaovuka mpaka kila siku. Jina langu lilikuwa kubwa kuliko akili yangu. Nilitia chumvi, nikatia na pilipili, na watu walinipenda kwa hiyo.

Basi tulikuwa na mchezo mmoja wa vita, wa vipande vingi. Siku hiyo wapiganaji walimkamata mwanamke aliyewaonyesha maadui nyumba alimojificha mwenzao, wakamsimamisha ukutani. Akasema kwa sauti ndogo: "Nilitaja. Walikuwa wamemshika mwanangu. Nifanyeni mtakavyo, ila mtoto asiambiwe kwamba ni kwa ajili yake."

Nilimsikia vizuri. Lakini nikautazama ukumbi, nikaona watu wanataka wamchukie bila kusumbuliwa, nami nikawapa walichotaka. Nikafoka kwenye maikrofoni kana kwamba ni yeye: "Nimewataja, na kesho nawataja tena!" Risasi ikalia, ukumbi mzima ukashangilia. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini kijana mwenye jina anawasikia wapi?

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi cherehani, Mama Nekesa. Zamani aliolewa kijijini Sop Sop, na miaka ya vita nchini mwetu askari walimlazimisha awaonyeshe nyumba alimolala kijana wa jirani. Kijana akachukuliwa, hakurudi. Watu wazima walijua, wakanyamaza. Sisi vijana tulijua nusu nusu, na hiyo nusu ndiyo hatari.

Kesho yake vijana wakaanza kupita barazani kwake wakisema, "Nawataja tena." Siku ya pili wakarusha matope juu ya kitambaa cha mteja. Siku ya tatu cherehani haikutoka nje, nikasikia Mama Nekesa anafunga mizigo arudi kwao Buhehe, uzeeni, bila mume wala shamba. Nami nilijua maneno wanayomtupia yametoka kinywani mwangu.

Siku ya nne akaja mama mzee, miguu ina matope, kifurushi kwapani. Alinikuta nafagia ukumbi. Akasema ametoka Sop Sop, naye ni Mama Ochwo. Ufagio ukaniponyoka, maana Ochwo ndiye yule kijana aliyechukuliwa.

"Ni wewe unasema kwa ile filamu?"

"Ndiyo, mama."

"Nasikia yule mwanamke alijivuna akiwa anakufa. Mimi nimeona watu wakikufa. Hawajivuni. Alisema nini?"

Nikamwambia.

"Leo watu wakijaa, sema hivyo," akaniambia. "Mimi nakwenda kuita mwenzangu, yule fundi."

Niliogopa, mwanangu, wala sikufichi. Kuzomewa na watu waliokuwa wakikushangilia si mchezo. Alasiri nikakirudisha kipande kile. Wale mama wawili wakaingia wameshikana mikono, wakaketi benchi la mbele, na minong'ono ikapita nyuma yao. Nikakiri kwamba nilidanganya. Kisha nikayasema maneno ya yule mwanamke kama alivyoyasema mwenyewe. Risasi ikalia, na hakuna aliyepiga makofi. Nilisikia jenereta tu kule nje.

Mama Ochwo akasimama. Maikrofoni hakuitaka.

"Mtoto aliyepotea ni wangu. Kama kuna mtu wa kupigia huyu kelele, ni mimi. Na mimi sijapiga. Nyinyi mnapiga kwa ajili ya nani?"

Hakusema amesamehe. Hakusema halikuwa kosa. Alitoka na mwenzake, wakavuka barabara, akafungua kifurushi chake barazani kwa fundi: kitambaa kipya cha gomesi, lile vazi refu la mama zetu. Akamwambia Mama Nekesa, "Nipime." Futi ikamponyoka fundi mara mbili. Mama Ochwo alisubiri tu, mikono ameinyoosha. Mtaa mzima tulisimama tukatazama, na wale waliorusha matope walikuwa miongoni mwetu. Nimezeeka, nimeona mengi, lakini sijaona jambo kubwa kuliko lile.

Sasa utaniuliza, je, wapiganaji walikosea? Mwenzao alikufa, na wengine walikuwa bado wa kulindwa. Mwanangu, sijui. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nililala salama miaka ile, mtoto mgongoni kwa mama yangu. Ninalolijua ni hili: usimtie mtu maneno mdomoni ili upate kumhukumu kwa raha. Ukiona watu wanashangilia adhabu, uliza kwanza aliyeadhibiwa alisema nini. Na msiba ukiwa si wako, usilie kwa sauti kuliko mfiwa. Nasema haya kwa kuwa nyinyi leo kila mmoja ana maikrofoni yake mfukoni.

Mungu akupe masikio mapana, akutunzie ulimi wako. Asikufikishe kwenye ukuta ule. Na kama siku moja utasimama hapo, akujalie mtu wa kuyasema maneno yako kama ulivyoyasema, na jirani atakayekuja hata kwa miguu, amebeba kitambaa.