Fundi Nanyama na mizinga iliyokimbiwa na nyuki

Saa moja na nusu asubuhi, nyasi za kando ya reli mjini Bungoma bado zina umande. Ndani ya karakana ya mabati nyuma ya soko, Nanyama Wabwile ameinama juu ya ubao, akisukuma randa taratibu. Maranda yanajikunja na kumwangukia miguuni.

"Usinizungumzishe kwanza," anamwambia mwandishi bila kuinua macho. "Nikikosea hapa, nyuki watanihama tena."

Anapima pengo kwa kipande cha bati alichokikata mwenyewe, anapuliza vumbi, kisha anatabasamu. Sasa yuko tayari kuzungumza.

Nanyama ana umri wa miaka hamsini na miwili. Mizinga arobaini aliyoipanga ukutani inasubiri lori la kuipeleka Kwale, karibu kilomita mia tisa kutoka hapa, ambako kina mama hufuga nyuki ndani ya misitu ya mikoko. Hadi mwaka juzi, fundi huyu hakuwa ameiona bahari hata siku moja.

Mizinga hiyo inanunuliwa na mradi unaogharamiwa na kodi za wananchi wa nchi moja ya Ulaya. Kwa upande mmoja, mradi unawasaidia wakazi wa pwani kupata riziki bila kukata mikoko. Kwa upande mwingine, unawalipia vijana wa Kenya karo ya chuo kikuu ili waichunguze kazi hiyohiyo.

Useremala haukuwa wake tangu mwanzo. Ulikuwa wa mumewe, marehemu Wabwile, ambaye alikuwa akimwita aje kushika upande wa pili wa ubao. Kwa kushika huko miaka kumi na minne, macho yake yakajifunza. Wabwile alipofariki kwa ugonjwa wa sukari, miaka tisa iliyopita, arobaini ya matanga haikuwa imeisha wakati shemeji zake walipofika na mkokoteni kuchukua vyombo vya kazi.

"Niliketi juu ya sanduku la vyombo," anasimulia. "Nikawaambia, sawa, bebeni. Lakini mtanibeba mimi pamoja nalo."

Walimwacha. Wateja ndio waliokuwa wagumu. Mtu angeingia, amtazame, kisha aulize, "Fundi ako wapi?" Naye angejibu, "Si ndiye huyu unaongea naye." Wengine waligeuka na kwenda zao. Kuna siku alirudi nyumbani na shilingi mia mbili, na binti yake Joy alikuwa bado shule ya msingi.

Kilichomjengea jina ni ubanaji wake. Milango na meza zake zilishikana kiasi kwamba karatasi haipiti kwenye maungio. Mizinga michache aliyoipeleka kwenye maonyesho ya kilimo ya Kitale ilimvutia afisa mmoja wa mradi, akaagiza sitini kwa shilingi elfu tano na mia tano kila mmoja. Nanyama hakuwahi kupata kazi kubwa kama hiyo.

Miezi minne baadaye, simu ikalia. Nyuki walikuwa wamehama mizinga arobaini na mmoja. Oda ya mizinga mingine ilisimamishwa, na afisa akasema ataandika kwenye ripoti kwamba mizinga ilikuwa mibovu.

"Nilikaa hapo nje nikiwa kama mtu aliyefiwa," anasema. "Si pesa tu. Ni kuambiwa kazi ya mkono wako ni mbovu, na huwezi kuenda kuona ni nini."

Wiki mbili zilipita. Ndipo akatokea msichana mmoja mwenye begi mgongoni na daftari mkononi. Aliitwa Tabby Wangechi, mzaliwa wa shamba moja nje kidogo ya mji wa Kitale, mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayelipiwa karo na mradi uleule. Utafiti wake ulihusu asali ya mikoko na mapato ya kina mama wa Kwale. Bila nyuki hakukuwa na utafiti, na bila utafiti ufadhili wake ungekoma mwisho wa muhula.

Nanyama hakujua hayo. Alichokiona ni daftari tu.

"Mwanangu, umetumwa kunishtaki?" alimuuliza.

Machozi yalimtoka Tabby palepale katikati ya maranda. "Mama, mimi sijatumwa na mtu," alisema. "Nimekuja kwa sababu sina mahali pengine pa kuuliza."

Nanyama aliiweka randa chini. Alimpa kiti, akammiminia chai, akammenyea kiazi kitamu. Alikuwa na hasira ya wiki mbili tumboni, lakini anasema iliyeyuka alipoona jinsi yule msichana alivyokula. "Alikuwa na njaa ya siku nyingi huyo. Nikajiambia, kumbe tuko wawili."

Kabla chai haijaisha, wakakubaliana kwenda Kwale pamoja.

Huko walipokewa na Bi Mwanasha, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wafugaji nyuki. Maji yalikuwa yamekupwa, wakatembea kwenye tope jeusi hadi ilipofungwa mizinga. Nanyama hakuitazama bahari. Alienda moja kwa moja kwenye mzinga wa kwanza, akaweka kiganja juu ya mbao.

"Hebu tufungulie," alimwambia Bi Mwanasha.

Mfuniko ulikataa. Bi Mwanasha akachukua patasi, akagonga, akabandua. Fremu ya kushikilia sega nayo ilikuwa imekwama. Ilipotoka, sega likakatika vipande viwili. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila walipotaka kukagua: kugonga, kuvunja, kumwaga watoto wa nyuki chini. Nyuki walivumilia mara moja, mara mbili, kisha wakaondoka.

Nanyama akaelewa. Mbao za sipresi alizonunua hazikuwa zimekauka sawasawa, na katika unyevu wa pwani zilipinda na kuvimba. Misumari ilikuwa imeliwa na kutu. Na ule ubanaji wake, ule aliosifiwa nao Bungoma yote, haukuwa umeziachia mbao nafasi ya kupumua.

"Dada zangu, nisameheni," aliwaambia. "Kosa ni la mikono yangu."

Bi Mwanasha alimshika bega. "Usiseme hivyo, dadangu. Wewe wa bara, bahari ungeijulia wapi? Umekuja hadi kwenye tope letu. Wangapi hutuletea vitu wasirudi kutazama?"

Jioni hiyo Nanyama alivua viatu, akaingia majini hadi magotini, akachota maji kwa kiganja na kuyaonja. Tabby anasema alicheka kama mtoto.

Waliporudi bara, tatizo lilikuwa mbao. Zilitakiwa zilizokauka kwa miaka, si kwa wiki, na karakana haikuwa na pesa za kuzinunua. Tabby alimpeleka kwao Kitale. Kwenye dari ya ghala la mahindi, baba yake, Gicheru, alikuwa amehifadhi mbao za grevilea kwa miaka minne. Alizipasua ili aipige dari nyumba yake, jambo ambalo mkewe, Beth, alikuwa akilingojea tangu waolewe watoto wao wakubwa.

Walipomwomba, Gicheru alimtazama mkewe. Ni Beth aliyejibu.

"Mama Joy, chukua," alisema. "Mimi nimeishi bila dari miaka yote hii na sijanyeshewa. Huyu mtoto amalize masomo."

Kwa mbao hizo Nanyama alitengeneza mizinga sita ya majaribio. Aliunga kwa vigingi vya mti badala ya misumari, akaacha pengo kila mahali ambapo mbao zingevimba. Kazi ya kupima ilikuwa ya Tabby, kwani pengo likizidi, nyuki hulijaza kwa nta. Kila Jumamosi msichana alipiga simu kutoka Kwale kutaja vipimo, naye Nanyama akaviandika kwa chaki ukutani. Chaki hiyo haijafutwa hadi leo.

Masika yalipita. Mizinga mitano kati ya sita ilikuwa bado na nyuki. Bi Mwanasha alituma chupa ya asali, nyeusi kidogo, yenye chumvi kwa mbali. Nusu ya chupa hiyo ilienda Kitale kwa Beth.

Oda ilirudishwa. Tabby alihitimu Novemba iliyopita, na jina la Nanyama limo kwenye tasnifu yake, ukurasa wa tatu. Nanyama anaomba asomewe, ingawa anaweza kuusoma mwenyewe. Tabby, ambaye siku hii amekuja kumsaidia kuhesabu mizinga, anausoma polepole. Fundi anasikiliza huku ameangalia pembeni.

Mradi unafikia kikomo mwezi wa Desemba, na bado haijulikani kama fedha zitaongezwa. Nanyama ameshafanya mtihani wa ufundi wa serikali, akisubiri cheti kitakachomwezesha kufundisha. Tayari Bi Mwanasha ameahidi kumletea wanawake wawili mwezi wa Agosti. Watakaa kwake miezi mitatu, walale chumba cha Joy, ambaye sasa yuko sekondari ya bweni, na wajifunze kuunda mizinga yao wenyewe.

"Lakini Mama, wakijua kutengeneza, si utapoteza soko?" Tabby anamuuliza.

Nanyama anacheka, anajipangusa vumbi la mbao usoni.

"Mwache mtu ajue kazi, bana," anasema. "Mimi nitatengeneza vitanda. Watu wa Bungoma wataacha kulala lini?"