Mlima Uliochorwa kwa Udongo Uliooshwa

Walioua kibanja cha mama yangu, shamba lake la migomba, ni watatu: nyapara wa mashimo, mtaalamu wa miamba na diwani wetu. Majina yao nayaacha kwa sababu watoto wao wapo na hawakutukosea kitu. Vyeo vyao nitavitaja mpaka nife.

Ilikuwa miaka ya tisini, Kyerwa bado iko ndani ya wilaya ya Karagwe. Watu walichimba madini ya bati kwa majembe wakiwauzia wachuuzi. Ndipo ikaja kampuni yenye magari meupe na kompyuta. Mimi niliishia darasa la nne, nikapewa kazi ya jenereta. Isizime, basi. Ikikohoa tu, mtaalamu alipiga kelele kutoka ndani ya ofisi: "Wee! Unaniulia mlima!"

Mlima alikuwa anautengeneza humo ndani. Vibarua walichimba mashimo ya kupimia, kuanzia bondeni mtoni mpaka juu kwenye migomba ya mama. Udongo ulitiwa kwenye mifuko ukapelekwa maabara, mbali. Majibu yaliporudi, aliingiza kwenye kompyuta kila shimo liko wapi, limekwenda chini kiasi gani, na lina bati kiasi gani. Kisha akaukata mlima mzima vipande vipande kama matofali, kila tofali na rangi yake. Buluu, hakuna kitu. Nyekundu, bati tele. Kutokana na matofali hayo kompyuta ingepanga kampuni ianze kuchimba wapi, na baadaye ihamie wapi.

Siku moja aliniita nione. Mlima wetu ulikuwa unazunguka kwenye kioo kama mbuzi aliyetundikwa. Chini mtoni kote buluu. Juu, penye kibanja, nyumba na kaburi la baba, panawaka nyekundu.

"Hapo si ndipo kwenu?" akasema. "Mmelalia utajiri halafu mnakula ndizi!"

Alicheka sana. Mimi nilimfikiria mama.

Nilipokwenda kumweleza mama, nilimkuta na jirani yetu, mmoja wa wanawake waliofanya kibarua kwenye mashimo ya juu. Akasema kwa fahari, "Lazima waone bati. Tuliwaoshea vizuri mpaka likang'aa. Hata nyapara alitusifu."

Hapo nikaelewa ule wekundu ulikotoka. Kwetu bati halipelekwi kwa mtu na matope yake. Unaliosha kwanza kwenye karai, udongo unakwenda na maji, bati linabaki chini kwa uzito wake. Ukimpelekea mchuuzi bati chafu, amekuona huna adabu. Lakini kampuni ilitaka udongo ulivyo, na matope yake, ijue bati limo kiasi gani. Ukiuosha kwanza, bati linaonekana tele hata kama ni kidogo. Mashimo ya bondeni mtaalamu aliyasimamia mwenyewe. Ya juu alichoka kupanda, akamwachia nyapara. Wale wanawake hawakuambiwa na mtu yeyote. Siwalaumu.

Asubuhi nikamwambia mtaalamu. Akamwita nyapara mbele yangu.

"Mliosha sampuli?"

"Bosi, akina mama hawa na usafi wao... kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo, bosi."

Nyapara alijua. Alinyamaza kwa sababu bati likionekana, kampuni ingebaki, naye angebaki nyapara. Mtaalamu akaugeukia mlima wake mwekundu kwenye kioo.

"Rudia mashimo ya juu," nikamwambia. "Mama yangu yuko pale."

"Ripoti imeshakwenda Dar," akajibu. "Nikirudia wataniuliza nilikuwa wapi." Halafu akaniuliza, "Jenereta ina mafuta?"

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa.

Diwani ndiye aliyekuja nyumbani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kula au umekuja kunihamisha?"

"Mama, wataalamu wameona kwa mitambo..."

"Na wewe umeona nini? Kaburi lile hulioni?"

Mwanamume huyu alikunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, pale pale kwenye matanga ya baba. Lakini kwa kampuni alisema kibanja ni pori, hakuna aliyezikwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa ofisi, nilimsikia kwa masikio yangu.

Katapila lilikuja kiangazi. Lilianza na migomba, likafuata mibuni, likapita kwenye miti ya miramura iliyozunguka kaburi. Mama alikaa kwenye mkeka wake barabarani akiangalia, hakulia. Walichimba, wakachimba, udongo ukatoka mwekundu mtupu, bati la kujaza vikombe tu. Msimu wa mvua ulipoingia magari meupe yaliondoka. Mtaalamu, nasikia, alipewa mlima mwingine.

Mama nilimpeleka kwa dada yangu anayeishi Bweranyange. Kila nilipomtembelea aliniuliza mifupa ya baba imekwenda wapi. Ningemjibu nini? Udongo wote ulisukumwa bondeni, lundo moja. Nililizunguka lile lundo na jembe mpaka watu wakadhani nimerukwa na akili.

Alipofariki tulimzika huko huko Bweranyange, kwenye shamba la shemeji, peke yake. Nyapara alikuja msibani. Alikaa mbele, akala, akapokea na kikombe cha rubisi. Nikamwendea mbele za watu.

"Mzee, ondoka."

"Mwanangu, msiba hauna ugomvi," akasema, huku anatafuna.

Wazee wakanishika mikono wakanikalisha. Yeye alibaki mpaka chakula kikaisha.